Jembe, Kalamu na Stakabadhi: Gharama za Kazi Mbele ya Hesabu ya Kodi

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama na viongozi katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu)



 Siku ya sherehe watu hupenda kusikia habari za magunia yaliyouzwa na maghala yaliyojengwa. Mimi nimeombwa niseme juu ya kodi, neno ambalo halijapata kumwinua mtu kucheza ngoma. Hata hivyo waliotoa shauri hilo wamefanya vema, maana Chama kilichofika miaka kumi si mtoto tena, na mtu mzima hana budi kujua hesabu yake.

Sikusudii kuwafundisha namna ya kukwepa kodi. Kodi ndiyo hujenga barabara ipitayo lori la kahawa yetu. Nakusudia kueleza jambo moja ambalo wengi wetu hatulijui, nalo ni hili: sheria haimtaki mtu alipe kodi ya mapato kwa fedha aliyoitumia kuzalisha mazao yake, maadamu aweza kuonyesha kwamba aliitumia. Katika sentensi hiyo uzito wote umo katika neno “kuonyesha”. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Gharama nayo ni vivyo hivyo.

Ushuru na kodi ya mapato

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo aghalabu huchanganywa. Kuna ushuru wa mazao, ambao hutozwa na halmashauri chini ya Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, na ambao mnunuzi ndiye huulipa. Mwaka 2017 ushuru huo ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara, na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Ushuru hutazama thamani ya mzigo. Hauulizi mkulima alitumia shilingi ngapi kwa mbolea, wala kama msimu ulimletea faida au hasara.

Kodi ya mapato ni jambo jingine. Hiyo yasimamiwa na Mamlaka ya Mapato Tanzania, iliyoanza kazi tarehe 1 Julai 1996, na msingi wake leo ni Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, iliyochukua mahali pa sheria ya mwaka 1973. Kwa asili yake kodi hii hutazama kilichobaki. Huchukua mapato ya mwaka, ikatoa gharama za kuyapata mapato hayo, na kinachosalia ndicho hupimwa. Kwa hiyo mtu asiyejua gharama zake hajui kilichobaki, na asiyejua kilichobaki hawezi kujua kama ametozwa kwa haki au kwa kupita kiasi.

Kipimo cha sheria

Sasa, ni gharama zipi zikubaliwazo? Sheria imeweka kipimo kifupi. Gharama hutolewa ikiwa ilitumika yote, na kwa ajili hiyo tu, katika kuzalisha mapato ya kazi. Maneno hayo ni machache lakini yana meno. “Yote” maana yake ni kwamba sehemu iliyokwenda mahali pengine haihesabiwi. “Kwa ajili hiyo tu” maana yake ni kwamba haitoshi kusema matumizi yale yalisaidia kidogo kazi ya shamba. Yatakiwa yawe yamefanywa kwa ajili ya kazi ile.

Tukiitumia mizani hiyo shambani twaona kwamba mambo mengi ni wazi. Mbolea na samadi iliyonunuliwa, dawa ya chulebuni na ya kutu ya majani, ujira wa vibarua wa palizi na wa kuchuma, magunia, mkasi wa kupogolea, nauli ya kufikisha mzigo ghalani, matengenezo ya bomba la kupulizia dawa na nguo za kujikinga na dawa hiyo: hizo zote ni gharama za kazi. Riba ya mkopo nayo ni gharama ya kazi, iwapo fedha iliyokopwa iliingia katika kazi. Mkulima akikopa kununua mbolea, riba yake yaingia katika hesabu. Akikopa kulipa ada ya mwanawe, jambo hilo ni jema na la kusifiwa, lakini riba yake haiingii, maana mkopo haukuzalisha kahawa.

Sheria inakataa waziwazi matumizi ya mtu kujilisha, kulisha jamaa yake na kuitunza nyumba yake. Yakataa vilevile kuitoa kodi ya mapato yenyewe kana kwamba ni gharama. Yakataa faini anazotozwa mtu na Serikali kwa kuvunja sheria. Na yakataa rushwa. Nawaomba wote wenye madaraka hapa waliangalie neno hilo la mwisho: aliyetoa kitu kidogo ili gari lipite mizanini hana mahali pa kukiandika.

Mfano wa mtu wa kalamu

Ndugu zangu, mahali pagumu si penye mbolea. Ugumu uko pale kitu kimoja kinapotumika nyumbani na kazini. Hapo nitaomba ruhusa nitoke shambani kwa kitambo kidogo, nitoe mfano wa mwandishi wa kujitegemea, yaani mtu aandikaye makala na vitabu bila kuajiriwa na gazeti lo lote. Mtu huyo na mkulima ni ndugu kuliko wanavyofikiri. Wote wawili hawana mshahara wa mwisho wa mwezi. Wote hutangulia kutumia fedha kabla ya kuipata. Wote hufanyia kazi mahali wanapoishi, na kwa hiyo kazi na nyumba huchanganyika kama mchele na chuya.

Karatasi na wino wa mwandishi ni kama mbegu kwa mkulima. Hapana shaka juu yake. Nauli ya kwenda kumhoji mtu kwa ajili ya makala, ujira wa msomaji aliyemsahihishia maandishi, gharama ya kupeleka kazi kwa mchapaji, hizo zote zapita katika kipimo. Lakini simu yake je? Asubuhi aongea na mhariri, jioni aongea na shangazi yake. Chumba chake cha kuandikia je? Nyumba ina vyumba vinne, naye alipa pango la nyumba nzima.

Jibu la mwenye hesabu safi ni kugawa. Kama chumba kimoja kati ya vinne vilivyo sawa kimewekwa kwa kazi tu, robo ya pango yaweza kutetewa kuwa gharama ya kazi. Kama meza ya kuandikia ndiyo meza ya kulia chakula, utetezi huo wavunjika. Kama kwa mwezi mmoja ameandika simu zake na kuona kwamba nusu zilikuwa za kazi, nusu ya gharama ina mahali pa kusimama. Lakini akisema tu “nadhani nyingi ni za kazi”, hana ushahidi isipokuwa ulimi wake.

Turudi sasa shambani na fundisho hilo. Pikipiki ya mkulima hubeba mbolea Jumatatu na hupeleka familia ibadani siku ya ibada. Umeme wa nyumba huwasha taa ya sebuleni na mashine ya kusukuma maji. Mahindi ya shamba moja huuzwa magunia kumi na kuliwa magunia matano. Katika yote hayo mkulima hana budi kugawa kama agawavyo mwandishi. Aliyekula theluthi ya mahindi asiandike gharama zote za mahindi kana kwamba yote yaliuzwa. Aandike safari za pikipiki kwa mwezi mmoja au miwili ya msimu, apate kipimo cha kweli, kisha akitumie. Kugawa kwa uaminifu hakumpunguzii mtu kitu, humlinda. Mkaguzi akikuta mahali pamoja palipotiwa chumvi, huanza kutilia shaka na yale yaliyo ya kweli.

Gharama ya msimu na gharama ya miaka mingi

Liko jambo la pili lenye kuchanganya watu. Si kila fedha inayotoka kwa ajili ya kazi hutolewa yote katika mwaka ule ule. Mbolea huisha na msimu wake, lakini kompyuta au jengo hubaki. Kwa vitu vidumuvyo sheria imeweka utaratibu wa uchakavu, ambao hutoa thamani ya kitu kidogo kidogo, kila aina kwa kiwango chake.

Tumtazame tena mtu wa kalamu. Kompyuta imewekwa katika fungu la asilimia 37.5 kwa mwaka, nayo hupigwa juu ya thamani iliyobaki. Tuseme ameinunua kwa Sh. 1,600,000 na kuitumia kwa kazi tu. Mwaka wa kwanza atatoa Sh. 600,000, ibaki Sh. 1,000,000. Mwaka wa pili atatoa Sh. 375,000, na kuendelea hivyo. Meza na kabati zake zimo katika fungu la asilimia 12.5.

Katika jambo hili mkulima amependelewa kuliko mwandishi, ijapokuwa wakulima wachache hujua. Mitambo na mashine zitumikazo katika kilimo zimewekwa katika fungu la asilimia 100. Maana yake, pampu ya kumwagilia maji iliyonunuliwa kwa Sh. 2,000,000 yaweza kutolewa yote katika mwaka ilipoanza kutumika. Majengo ya shamba, mabwawa, matangi ya maji na nyua za kudumu hutolewa kwa asilimia 20 ya gharama kila mwaka, hata miaka mitano itimie. Tangi la Sh. 5,000,000 litapunguza hesabu kwa Sh. 1,000,000 kila mwaka.

Tena kuna gharama za kuendeleza shamba, ambazo sheria imezitaja peke yake: kufyeka na kusafisha ardhi, kuchimba mifereji ya kumwagilia, na kupanda mazao ya kudumu au miti izaayo. Mwenye kung’oa mibuni mizee na kupanda miche mipya ni miongoni mwa hao. Gharama hizo hutolewa, ingawa mti wenyewe utazaa kwa miaka mingi. Hali kadhalika gharama za mwenye shamba za kuzuia mmomonyoko wa udongo. Basi, yule mzee aliyewalipa vijana wachimbe matuta ya kukinga maji mlimani alikuwa akihifadhi udongo wa wajukuu wake, na sheria ilikuwa tayari kumtambua. Kilichokosekana mara nyingi ni karatasi yenye majina ya vijana wale na ujira wao.

Makadirio au daftari

Sasa nafika mahali penye faida kubwa au hasara kubwa, na naomba masikio yenu.

Kwa watu wenye mauzo madogo sheria imeweka njia nyepesi iitwayo kodi ya makadirio. Kwa jedwali la mwaka 2022, njia hiyo ilikuwa kwa mtu binafsi ambaye mauzo yake ya mwaka hayakuzidi Sh. 100,000,000. Wepesi wake ni kwamba hutazama mauzo tu. Na hapo hapo ndipo ulipo ubaya wake, kwani gharama hazitolewi hata kidogo.

Kwa jedwali lilivyokuwa baada ya Sheria ya Fedha ya mwaka 2022, mwenye mauzo yasiyozidi Sh. 4,000,000 kwa mwaka hatozwi chochote. Wengi wa wakulima wadogo wamo humo. Baada ya hapo jedwali lawatenganisha wenye kumbukumbu na wasio nazo. Mwenye mauzo ya Sh. 5,000,000 asiye na kumbukumbu hulipa Sh. 100,000. Mwenzake mwenye mauzo yale yale, aliyetunza kumbukumbu zake kama sheria itakavyo, hulipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni nne, yaani Sh. 30,000. Mwenye mauzo ya Sh. 8,000,000 bila kumbukumbu hulipa Sh. 250,000, akiwa nazo hulipa Sh. 120,000. Shamba ni moja, mvua ni moja, bei ni moja. Tofauti ni daftari.

Kuanzia mauzo ya Sh. 11,000,000 hata Sh. 100,000,000, sheria ile ya mwaka 2022 iliweka asilimia 3.5 ya mauzo yote. Tuchukue mkulima wa mfano mwenye mauzo ya Sh. 40,000,000. Kwa makadirio atalipa Sh. 1,400,000. Lakini tuseme mwaka ulikuwa mgumu, mbolea ilipanda bei na vibarua walikuwa ghali, na gharama zake zilifika Sh. 34,000,000. Kilichobaki ni Sh. 6,000,000. Sheria humruhusu mtu kuchagua kutoka katika makadirio na kupimwa kwa faida yake halisi. Kwa viwango vya mtu binafsi vilivyowekwa kufikia mwaka 2021, Sh. 3,240,000 za kwanza za mwaka hazitozwi, na Sh. 3,000,000 zifuatazo hutozwa asilimia 8. Kwa hiyo kodi yake ingekuwa asilimia 8 ya Sh. 2,760,000, yaani Sh. 220,800. Tofauti ni Sh. 1,179,200 kwa mwaka mmoja.

Msifanye haraka kusema basi sote tutoke katika makadirio. Mkulima wa pili ana mauzo yale yale ya Sh. 40,000,000 lakini gharama zake ni Sh. 10,000,000 tu. Kwake kilichobaki ni Sh. 30,000,000, na kwa viwango vile vile kodi ya faida ingefika Sh. 6,936,000. Huyo makadirio yamfaa sana. Basi njia ipi ni bora? Hakuna mtu awezaye kumjibu mkulima swali hilo, awe karani, awe jirani, awe afisa wa kodi, mpaka mkulima mwenyewe alete orodha ya gharama zake. Asiye na orodha huchaguliwa njia na wengine.

Niongeze tahadhari moja. Bunge hupitisha Sheria ya Fedha kila mwaka, na mabadiliko yake kwa kawaida huanza tarehe 1 Julai. Tarakimu nilizotaja nimezitia pamoja na miaka yake kwa makusudi. Kabla ya kuamua, nendeni katika ofisi ya Mamlaka ya Mapato ya wilaya, mkaulize jedwali la mwaka huo. Kuuliza si ujinga.

Jasho lisilolipwa

Hapa akina mama wanaweza kuniuliza swali la haki: na kazi yetu je? Sisi tunaochuma, tunaomenya, tunaoanika na kupindua kahawa mchana kutwa, tumeandikwa wapi?

Jibu la sheria ya kodi ni kavu. Hutoa gharama iliyotumika, na kazi ambayo hakuna aliyelipwa haina gharama katika macho yake. Mke na watoto wasiolipwa hawaingii katika hesabu ile. Lakini isionekane kwamba jambo ambalo mtoza kodi halihesabu halina thamani.

Tuseme familia moja imevuna kilo 400 za kahawa, na gharama zilizolipwa kwa fedha ni Sh. 1,000,000. Kwa hesabu ya kodi kila kilo imegharimu Sh. 2,500. Lakini familia hiyo imefanya kazi siku 100 za mtu mmoja ambazo hazikulipwa. Kama kibarua angelipwa Sh. 5,000 kwa siku, hizo ni Sh. 500,000 nyingine, yaani Sh. 1,250 kwa kila kilo. Gharama ya kweli ya kilo moja ni Sh. 3,750. Mnunuzi akija na bei ya Sh. 3,000, hesabu ya kwanza itasema mmepata faida. Hesabu ya pili itasema mmempa kahawa, na jasho la mama mkamtilia kama nyongeza.

Basi nashauri daftari liwe na kurasa mbili zinazotazamana. Ukurasa wa kushoto uwe wa fedha iliyolipwa. Huo ndio utakaokwenda mbele ya kodi. Ukurasa wa kulia uwe wa siku za kazi ya nyumbani. Huo utakwenda pamoja nanyi katika mkutano wa bei. Na anayeandika asiwe baba peke yake. Aliyeifanya kazi ndiye ajuaye siku zake.

Daftari lenyewe

Daftari la mkulima halihitaji elimu kubwa. Latosha kuwa na safu tano: tarehe, jina la aliyelipwa, kitu kilichonunuliwa au kazi iliyofanywa, shilingi zilizotoka, na shamba au zao lililohusika. Andikeni siku ile ile, kwa maana kumbukumbu ya kichwani huchakaa kuliko kompyuta.

Kila anunuaye adai risiti ya mashine ya kielektroniki. Risiti hizo zina dosari moja: maandishi yake hufifia kwa joto na kwa muda, na baada ya miezi kadhaa mtu hubaki na kipande cheupe. Kwa hiyo zipigwe picha au zitolewe nakala mapema, na namba zake ziandikwe katika daftari. Vibarua hawana mashine. Kwao tumieni karatasi ya malipo yenye jina, siku, kazi, fedha, na sahihi au dole gumba la aliyelipwa. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 yataka kumbukumbu zitunzwe kwa miaka mitano. Bati la biskuti lenye kifuniko kizuri lawatosha wengi wetu, mradi mchwa na mvua visilifikie.

Nikumbushe pia kwamba mwaka wa hesabu za kodi kwa mtu binafsi ni tangu Januari mpaka Desemba, ilhali msimu wetu hauifuati kalenda hiyo. Gharama ya palizi ya Novemba na fedha ya mauzo ya mwaka ufuatao zaweza kuangukia miaka miwili. Asiyeandika tarehe hatajua ipi ni ya wapi.

Neno kwa viongozi

Mpaka hapa nimesema na mkulima. Sasa, kwa heshima yote, niseme na viongozi na watumishi wa vyama.

Mkulima wetu hununua sehemu kubwa ya pembejeo kwa mkopo kupitia Chama, na thamani yake hukatwa katika malipo ya kahawa. Kwake yeye stakabadhi ya Chama ndiyo risiti. Stakabadhi ikisema tu “makato mbalimbali” na kiasi chake, mkulima amenyang’anywa ushahidi wake. Hawezi kutenganisha mbolea, riba na mchango wa Chama. Hawezi kutetea gharama zake mbele ya kodi, wala kuuliza swali la maana katika mkutano. Kila katibu ahakikishe kwamba karatasi ya malipo yaonyesha kilo, daraja, bei, na kila kato kwa jina lake na shilingi zake. Hiyo ni haki ya mwanachama, wala si hisani ya karani.

Tena, sheria imevipa vyama vya msingi vya wakulima vilivyoandikishwa msamaha wa kodi ya mapato, kwa masharti, na moja ya masharti hayo ni kutozidi kiwango cha mauzo kilichowekwa. Chama kilichopewa msamaha kisidhani kimesamehewa na daftari. Kinyume chake, asiye na hesabu hawezi kuonyesha kwamba anastahili kusamehewa.

Na kipimo kile cha sheria chafaa kupita mipaka ya kodi. Kila kiongozi atakapotia sahihi hati ya malipo, iwe ya safari, ya posho, ya mafuta ya gari au ya chakula cha wageni, ajiulize: Je, fedha hii imetumika yote, na kwa ajili hiyo tu, kwa kazi ya wanachama? Kama jibu ni ndiyo, asiogope kuisoma mbele ya Mkutano Mkuu. Kama jibu lahitaji maelezo marefu, bora asitie sahihi.

Sisemi hivyo kwa kumtuhumu mtu. Nasema kwa sababu ushirika wa nchi hii una historia. Mwaka 1966 Kamati ya Rais ilichunguza vyama vya ushirika, na miongoni mwa mambo iliyoyaona ni upungufu wa watumishi wenye ujuzi, ukosefu wa uaminifu, na wanachama kutokujua mambo ya vyama vyao. Mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa. Sheria ya mwaka 1982 ndiyo iliyovirudisha, na leo tunaongozwa na Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013. Sababu za mwaka 1976 zilikuwa nyingi, na nyingine zilikuwa za siasa. Lakini chama ambacho wanachama wake waijua hesabu ni kigumu kuvunjwa, kwa kuwa kina watetezi wenye tarakimu mkononi.

Mwisho

Bwana Mwenyekiti, Chama hiki kimeanza kwa watu kuweka kahawa yao pamoja. Miaka kumi ijayo naomba waweke pamoja na hesabu zao. Kila chama cha msingi kiwe na siku moja katika mwezi ambapo wanachama huleta madaftari, anayejua kuandika akimsaidia asiyejua, na kijana wa sekondari akimfundisha babu yake kugawa gharama za pikipiki. Mwisho wa msimu zikusanywe gharama za mashamba mengi, na Chama Kikuu kijue, kwa tarakimu za wanachama wenyewe, kilo moja ya kahawa hugharimu kiasi gani kuizalisha katika kata hii na kata ile. Siku hiyo mjumbe wetu atakapokaa mezani na mnunuzi, au na afisa wa kodi, au na Serikali yenyewe, hatasema “wakulima wanalalamika”. Atafungua daftari na kusoma.

Nawatakia wanachama na viongozi heri ya miaka kumi, na mvua njema ya msimu ujao.